Walinikuta Nimepakwa Wanja

Ukiambiwa watu wa ofisi ya huduma za jamii wanakuja kukuangalia ugonjwa, usifagie. Acha uwanja na majani yake, acha ndoo pale ilipo, acha shuka lile lile ulilolilalia. Najua kwetu pwani maneno haya ni kama matusi. Mama mmoja niliyemwambia hivyo alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo katikati ya soko la Kombani. Lakini mimi kufagia kuliniponza, na naandika ili kusimponze mwingine.

Naitwa Riziki. Kabla ya kuugua nilikuwa nikifua katika hoteli moja ya Diani, shuka na taulo za wageni kutwa nzima, na jioni narudi Tiwi kwa mume wangu, Hamisi. Mgongo ulianza kuniuma wakati wa kaskazi, joto limekaza, nikadhani ni vikapu vya shuka mbichi. Nani anafua asiumwe na mgongo? Nikachuliwa kwa mafuta, nikafungwa leso kiunoni, nikaandikiwa kombe, aya za Kurani zilizooshwa kwa maji, nikalinywa. Kombe halikunidhuru, lakini mgongo haukulijali.

Nikaanza kwenda hospitali. Yale mabenchi ya kusubiria nayajua sasa kuliko ninavyoujua ukumbi wangu. Akiitwa mmoja, wote mnasogea, na kila kusogea kwangu kulikuwa ni kuuma meno. Siku moja mwanamke nisiyemjua, mjamzito tena, aliinuka akawaambia wenzake, "Mpisheni huyu alale, nyinyi hamwoni?" Wakanipisha, nikalala kwenye mbao zilizokuwa bado na joto la watu. Sikumwona tena, lakini kila nikiomba dua namtia.

Daktari aliponiambia ni TB nilimbishia. Nikamwambia sikohoi. Akasema si ya kifua, imeingia kwenye uti wa mgongo. Mambo ya ndani ya mfupa sitayaeleza, maana siyajui, na hayatakufaa kitu ukiwa kitandani. Ninachojua ni vidonge vingi kila asubuhi, kichefuchefu mpaka adhuhuri, na mkojo wa rangi ya chungwa uliomtia hofu kila aliyeumwaga. Mwili ukanyauka, pete ya ndoa ikawa inaanguka yenyewe. Kisha miguu. Kwanza vidole vilifa ganzi, halafu nyayo, halafu magoti yakawa hayanitii, na asubuhi moja niliamka nikaitazama imelala pale mbele yangu, si yangu tena. Haja ndogo nayo ikawa haisubiri.

Hapo ndipo Mjomba Kassim alipokuja kutoka Kikoneni kunichukua. Sisi ni Wadigo, na kwetu ukoo wa mama una kauli. Mama yangu alishafariki, na mjomba, kaka yake, ndiye aliyebaki. Katika jamaa zetu mwanamke akizidiwa hauguzwi kwa mume. Watu wa kwao huja kumtwaa, la sivyo itasemwa kwamba hana kwao.

"Hamisi mwanangu," mjomba alisema, "tumekuja kumchukua mtoto wetu."

"Mjomba, mimi nimeshindwa na nini?"

"Hukushindwa na kitu. Ni ada tu."

Hakuna aliyeniuliza mimi. Nililala baina yao kama gunia linaloamuliwa lipakiwe wapi. Hamisi hakubishana, maana mjomba habishiwi, lakini uso wake ulifunga siku ile na haukufunguka kwa muda mrefu. Kila Ijumaa alikuja Kikoneni, akaketi ukumbini kama mgeni, akanywa chai, akaniuliza hali, akaondoka. Miaka yote ya ndoa yetu hatukuwahi kukosa la kuzungumza.

Aliyeniuguza ni mkaza-mjomba, mke wa mjomba, Mwanakombo. Nataka mapema ijulikane kwamba simsemi kwa ubaya. Ni yeye aliyenigeuza ubavu, aliyeniosha, aliyekisafisha kidonda cha mgongoni kilichonitoka kwa kulala, kwa maji ya chumvi bila kukunja pua. Lakini ni mwanamke mwenye haya nyingi, na haya ile ndiyo iliyotufikisha tulipofika.

Pale hospitali, Msambweni, mtu wa mazoezi alikuwa Bwana Mwero, kijana wa upande wa Kinango. Aliibonyezabonyeza miguu yangu, akanikwaruza nyayo kwa ufunguo, akafikiri.

"Bi Riziki," akasema, "dawa itaua ugonjwa. Lakini miguu hairudi kwa dawa. Inarudi kwa kazi. Uje mara mbili kila wiki, na uanze sasa. Ukiiacha, inasahau."

"Na nikija, itakumbuka?"

"Ukija, nina matumaini nayo. Yote miwili. Ila pikipiki usipande, mgongo huo haujashika."

Basi jambo lenyewe lilikuwa hilo tu, kufika. Nikifika kwa Mwero, natembea. Nisipofika, nabaki hivyo. Kutoka kwa mjomba hadi barabarani, yanakopatikana magari, ni njia ya miguu baina ya mihogo na mikanju. Gari haliingii. Pikipiki nimekatazwa. Binamu zangu wakaamua kunibeba kwa kitanda cha kamba, wanne, nimefunikwa shuka kwa ajili ya jua.

Sasa kwetu, jeneza likipita, mwanamume hapiti kando. Hutupa alichokishika akatia bega, apate thawabu. Siku ya kwanza tu, tulipovuka mashamba, wanaume walitoka kwenye mihogo wakakimbia kuja kunibeba, na mmoja akaanza kuleta shahada kwa sauti ya chini. Akamuuliza binamu yangu, "Ni nani aliyetangulia?"

Nikafunua shuka. "Bado, babangu. Naenda hospitali."

Yule mzee aliachia bega, nusura kitanda kipinduke. Tulicheka wote, na yeye pia, tena alinifuata hadi barabarani akiniomba radhi. Lakini safari ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu bibi mmoja alianza kulia kwa sauti kabla hatujamfikia, akilitaja jina langu, maana alikuwa amesikia naumwa. Hiyo sikucheka. Nililia njia nzima, na kule kwa Mwero sikufanya zoezi la maana. Nikasema kitanda hicho nitakipanda nikifa kweli. Na hata kama ningekubali, masika yalikuwa yameanza, njia imekuwa tope, na binamu zangu walikuwa na mashamba ya kupanda. Mazoezi yakakatika.

Dawa ya jambo hili ilikuwa kiti cha magurudumu. Tukaambiwa ofisi ya huduma za jamii huwa inatoa viti kwa watu kama mimi, muradi afisa aje akuone kwa macho yake. Hamisi akaenda kuandikisha, na kwa kuwa mimi kwa kitambulisho ni mtu wa Tiwi, aliandikisha Tiwi. Afisa akaja Tiwi. Mimi niko Kikoneni.

Ijumaa ile Hamisi alitusimulia.

"Nimemwambia mke wangu yuko kwa mjomba wake, anauguzwa. Akaniambia, 'Mzee, mimi namwandika mgonjwa nikimkuta kwake.' Nikamwambia kwake ni hapa, lakini akiugua kwake ni kule. Akaniambia, 'Sasa ni hapa ama ni kule?'"

Hamisi alicheka, mara ya kwanza tangu nichukuliwe, kisha akajipiga goti kwa ngumi. "Nimjibu nini mie?"

Wa upande wa Kikoneni nao wakasema mimi si wao, ni wa Tiwi. Wa Tiwi wakasema nirudishwe Tiwi nionwe, halafu nikitaka nirejee Kikoneni. Nirejee kwa chombo gani, kwa kitanda? Mjomba akakataa katakata mtoto wake kuzungushwa kama bidhaa. Barua za chifu zikaenda, zikarudi. Mvua ikanyesha, ikapusa, ikanyesha tena, na mimi nimelala nikiyatazama makuti ya paa. Mkaza-mjomba alinikunja miguu kila asubuhi kama alivyoonyeshwa na Mwero, lakini alikuwa akiogopa kuniumiza, na miguu inayoogopewa haifanyi kazi. Niliona paja la kushoto linavyopungua mpaka likawa kama la mtoto.

Mwisho wa masika mzee wa mtaa akaja mbio. "Ofisi imekubali, kesho afisa anakuja hapa hapa Kikoneni. Jitayarisheni."

Wangesema tu "anakuja" wakanyamaza, leo ningekuwa mtu mwingine. Neno hilo la kujitayarisha ndilo lililotuua. Mkaza-mjomba akaita majirani. Uwanja ukafagiliwa, ukanyunyizwa maji. Shuka zikabadilishwa. Ndoo ikapelekwa nyuma ya nyumba. Vidonge vyangu vikafungiwa kabatini, nyumba isionekane kama duka la dawa. Asubuhi nikaogeshwa, nikafukizwa udi, nikavikwa leso mpya iliyokuwa haijakatwa pindo, nikapakwa poda na wanja. Wakanikalisha, mito mitatu mgongoni, na chini ya leso wakanifunga kitambaa kiunoni hadi kwenye nguzo ya kitanda nisianguke. Nikawa bibi harusi.

Nilimwambia, "Mkaza-mjomba, anakuja kuona ugonjwa."

"Anakuja nyumbani kwangu," alinijibu.

Afisa alikuwa binti wa bara, Bi Mwende, viatu vimejaa tope, maskini, gari lao liliwaacha mbali. Aliingia akavuta ile harufu ya udi, akatazama huku na huku.

"Hamjambo? Mgonjwa ako wapi?"

"Ndiye huyu," mjomba akamwonyesha, na nadhani alikuwa akiona fahari.

"Habari yako, mama?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Unaendelea aje?"

"Naendelea vizuri, mwanangu. Twamshukuru Mungu."

"Anakula?"

"Anakula, tena anachagua!" akasema mkaza-mjomba, na majirani wakacheka.

"Na msaada wa kumwosha, kumpikia, anapata?"

"Hakosi kitu. Sisi tupo."

"Anaweza kukaa mwenyewe?"

"Si wamwona ameketi?" mjomba akasema.

Kile kitambaa kilikuwa kinanikata tumbo. Nilikuwa nimeshajikojolea, na nilikaza uso nikitabasamu ili asijue. Maneno yalikuwa mdomoni, wallahi, lakini kuna mgeni, kuna kaimati kwenye sahani, mjomba wangu amesimama kifua mbele. Nililelewa kwamba ukiulizwa hali unashukuru kwanza. Nikashukuru, na baada ya kushukuru sikupata pa kuanzia. Bi Mwende akanipiga picha kwa simu yake, akanywa chai, akafungiwa mihogo, akaenda zake.

Picha ile aliwahi kunionyesha baadaye. Mwanamke anang'ara uso, macho yamekolea wanja, anacheka. Ningekuwa mimi afisa ningemnyima pia.

Jibu lililetwa na mzee wa mtaa. Mgonjwa anatunzwa vizuri, anaketi mwenyewe, hana dharura. Viti ni vichache, vinatangulizwa kwa walio taabani.

Sijawahi kukasirika vile. Nilimkasirikia yule binti aliyetumwa kupima ugonjwa kwa kuulizana hali ukumbini, asimfunue mgonjwa hata mguu. Niliikasirikia ofisi inayopiga baragumu kabla ya kuja kisha inashangaa kukuta watu wamevaa. Nilimkasirikia mjomba na fahari yake. Lakini aliyekuwa karibu ni mkaza-mjomba, basi yeye ndiye aliyeyapata yote.

"Mbona mlinipamba?"

"Ulitaka nikuanike mbele ya mgeni na mkojo wako?"

"Ndiyo, nilitaka!"

"Riziki, mimi nina uso. Waseme mtoto wa wifi yangu analala kwenye uvundo, na mimi nipo?"

"Wacha waseme! Miguu ni yangu!"

Alitoka nje, nikamsikia anasafisha ndoo kwa nguvu. Hatukusemezana kwa siku kadhaa, na siku zote hizo aliniogesha vile vile, kwa mikono ile ile, kimya. Hilo ni gumu kuliko ugonjwa wenyewe, kumkasirikia mtu huku anakuosha.

Kusi ilikuwa imeshaanza kuvuma nilipopata nambari ya Bi Mwende kwa mzee wa mtaa. Nikampigia. Nikamweleza yote, mito, kitambaa, wanja.

"Lakini mama, si wewe mwenyewe uliniambia uko vizuri?"

"Mwanangu, huku mtu haulizwi hali akaanza kutaja vidonda."

Akauliza, "Sasa mimi ningejuaje?"

Na kweli, angejuaje? Alikuwa mmoja kwa vijiji vyote vile, na hakuna aliyemfundisha kwamba kwetu ukitaka kujua mtu anaumwa vipi, unapita jikoni kwanza. Nilimwambia arudi, lakini asitume habari. Akasema utaratibu ni lazima mzee wa mtaa ajulishwe. Nikamwambia utaratibu wao ndio utakaonizika. Simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni yeye.

Alikuja bila kuniambia, nami nilishakata tamaa. Mkaza-mjomba alikuwa shambani. Mimi nilikuwa nimejaribu kuifikia kata ya maji, nikaanguka, na nilikuwa sakafuni kwa muda, nimelowa, nzi wamejaa. Nikasikia hodi. Nikasema karibu, maana ningesema nini? Akaingia, akasimama. Safari hii hakuniuliza hali. Aliweka begi chini, akapiga magoti, akanivua leso iliyolowa, akatafuta maji mwenyewe. Alipoliona paja langu la kushoto alimwita Mungu kwa lugha ya kwao, "Ngai," kisha akasema, "Pole, mama." Nililia mbele yake kama mtoto, na nilimwambia kila kitu kwa lugha ya kawaida, bila alhamdulillahi hata moja, Mungu anisamehe.

Hata hivyo kiti hakikuja kesho yake. Kulikuwa na kusubiri idhini, kusubiri gari, kusubiri mafuta ya gari. Kusi ikaisha. Kiti kilifika vuli inaanza, kipya, kimevishwa nailoni, na mkaza-mjomba akakataza isitolewe, kisichafuke. Hamisi alikuja siku hiyo hiyo. Akaenda kwa mjomba, akatoa salamu, akaomba ruhusa anisukume yeye. Mjomba akamtazama, akasema, "Mkeo huyo, waomba nini?" Hamisi alinisukuma ile njia yote ya tope, anahema, na tulipofika barabarani alikuwa ameanza kunisimulia habari za Tiwi, nani kajenga, nani kaoa. Nailoni ilinipika makalio na sikujali.

Dawa nilimaliza baadaye, na sasa nimerudi Tiwi kwangu. Ukiwa na ugonjwa huu, vidonge vimalize hata ukijiona umepona, na hali yako iseme kama ilivyo hata mjomba wako akiwa amesimama pale. Aibu yake hupita.

Ila nataka niseme habari za siku ile ya kiti. Mkaza-mjomba alifuatana nasi, akisema anataka aone zoezi linavyofanywa sawasawa. Mwero alinilaza, akachukua ule ufunguo wake. Mguu wa kulia ulishtuka, akatabasamu. Wa kushoto alikwaruza, akakwaruza tena, akaubonyeza kutoka kwenye paja hadi kwenye kisigino. Kisha akaufunika kwa leso taratibu.

"Wa kulia tutaurudisha," akasema. "Huu wa kushoto, utaegemea gongo."

Mkaza-mjomba akamuuliza, "Baba, tungelikuja wakati wa masika?"

Mwero akaniangalia. Ni mtoto wa huku, amelelewa vizuri. "Hayo anayajua Mungu, mama," akasema.

"Mwambie," nikamwambia.

"Bi Riziki..."

"Mwambie, Mwero."

Akainamisha kichwa. "Ingetembea yote miwili."

Mkaza-mjomba hakulia. Alikaa chini pale sakafuni na buibui lake, akaushika ule mguu wa kushoto kwa mikono yote miwili, akaanza kuukunja na kuukunjua, kwa nguvu, kama alivyotakiwa aukunje tangu mwanzo. Nilikuwa siuhisi. Nilimwona tu akiukunja, jasho linamtoka, na Mwero hakumzuia. Nilijua neno ninalopaswa kumwambia, haidhuru, ndilo tunaloambiana. Sikumwambia.